Chensoo ya mzee imegoma kuwaka

Niko Mafinga kwa baba mkwe, na chensoo yake (msumeno wa injini wa kukatia miti) ya enzi hizo imegoma. Unavuta kamba mpaka bega linauma, kimya. Fundi wa jirani akaitupia jicho tu, akasema kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) imekufa, nunueni mpya. Haya, ngoja kwanza.

Nikafungua plagi inayotoa cheche, nikairudishia kifuniko cha waya wake, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini mbali na tundu, mzee akavuta. Cheche ya bluu, safi kabisa! Moto upo. Ila plagi ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli, na kamba tumeivuta weee. Ingekuwa imelowa ningesema injini imekunywa kupita kiasi. Kavu maana yake mafuta hayafiki.

Nikaingiza waya uliokunjwa ncha kwenye tenki, nikavuta mpira wa mafuta. Lo! Umekakamaa, ukiukunja nyufa zinachanua, na chujio la kwenye ncha yake limeziba kwa tope jeusi. Mashine ilikuwa inafyonza hewa tu. Vitu vya bei ndogo hivyo, halafu mtu anakutuma ukanunue kabureta!

Tukabadilisha mpira na chujio, tukamwaga mafuta ya zamani (yananuka kama rangi ya mlango), tukachanganya mapya: petroli lita 5, oili ya tustroki (ile inayochanganywa na petroli) mililita 100. Weka choki (inayobana hewa injini ikiwa baridi), vuta, ikakohoa. Toa choki, vuta tena, ikanguruma. Baba mkwe hata asante hakusema, kaibeba moja kwa moja kwenye mikaratusi yake.

Sasa inavuja oili ya mnyororo. Hiyo kesho.