Chai ya saa sita, Mto Chicago

"Sasa hii ni chai au ni chakula cha mchana?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa bado kwenye foleni gatini. Nikamwambia ni vyote viwili. Wenyeji wa hapa siku za sikukuu hulala mpaka jua la utosini, kisha hula mlo mmoja wenye hesabu ya miwili. Akaguna ndani ya skafu. "Kwetu anayekunywa chai saa sita ni mgonjwa, au mvuvi katoka baharini."

Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Desemba 2016, na Chicago ilikuwa imeganda. Baridi ya siku ile ilikuwa ya kuuma meno. Ukifungua mdomo kusema neno, ulimi unajuta. Mama alivaa dera, juu yake sweta mbili, juu yake koti lake, na juu ya koti lake koti langu. Ushungi, kofia juu ya ushungi, skafu juu ya kofia. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu aliyezoea kupita mitaa ya Pangani mgongo umenyooka kama mlingoti, alikuwa anatembea kama gunia lililofungwa kamba katikati.

Safari ile ya mtoni ilikuwa wazo langu. Mwezi mzima aliokaa kwangu alikuwa ameona chumba, maduka ya Wahindi na Wapakistani ya barabara ya Devon tulikonunua nyama ya halali, na dirisha. Mimi nilikuwa nafanya kazi ghalani usiku, nashusha na kupakia makontena, narudi asubuhi na kulala mpaka alasiri. Nikaona haya. Mtu amevuka bahari kuja kumwona mwanawe, halafu anamwona amefunikwa blanketi! Nilitaka apande kitu cha maana, auone mji, arudi Pangani awaambie watu kuwa mwanawe yuko pazuri. Tiketi zilikuwa dola 78 kwa kichwa, bila bakshishi. Bei sikumwambia. Sikumwambia pia kwamba usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa shifti; niliomba ruhusa, sikupewa. Lakini hilo halikuhitaji kuambiwa. Niliporudi alikuwa bado kwenye mswala, akageuza uso kidogo tu.

Chombo chenyewe kilikuwa kipana na kifupi, kuta za kioo na paa la kioo, kimeundwa hivyo ili kipite chini ya madaraja bila kusumbua mtu. Gati iko chini ya usawa wa barabara, karibu na daraja la DuSable. Wenzetu kwenye foleni walikuwa wanapiga picha majengo. Mama alikuwa anatazama chini.

Juu ya maji kulikuwa na barafu nyembamba, imekatikakatika vipande vya mviringo, kila kimoja kingo zake zimejikunja juu kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Vilikuwa vinasogea polepole mno. Ukitazama mara moja utasema vimesimama. Mama hakutazama mara moja. Alichagua kimoja, akakifuata kwa macho mpaka kikapita nguzo ya gati.

"Ziwa liko wapi?"

Nikamwonyesha mashariki, nyuma yetu.

"Mbona maji yanatoka ziwani?"

Nilikuwa nimeishi mji ule miaka tisa, na habari hiyo niliipata kwenye kipeperushi cha mwaka wa nane. Yeye aliiona kabla hajapanda chombo.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu Pangani. Shamba la minazi la babu lilikuwa ng'ambo ya mto, Bweni, na mama alikua akivuka kwa pantoni au kwa mtumbwi, kutegemea hali ya mfuko. Pale mto unapokutana na bahari, maji hayana msimamo. Yakijaa, bahari inausukuma mto urudi juu ulikotoka; yakipwa, mto unateremka kwa kasi. Bamvua likiwa kubwa, mtumbwi unaolenga Bweni unaweza kukupeleka kwingine kabisa. Kwa hiyo watoto wa pale hawaulizi mto una upana gani. Wanauliza saa hizi unakwenda wapi.

Nikamweleza kuwa huu umegeuzwa. Zamani uliingia Ziwa Michigan kama mito yote yenye adabu, umebeba choo cha mji mzima na uchafu wa machinjio, na ziwa lile lile ndilo walilokunywa. Wakachimba mfereji wa kilomita 45 hivi, wenye kina kuliko mto, maji yakakubali kurudi nyuma. Mfereji ulifunguliwa Januari 1900, tena kwa haraka na bila sherehe, kabla watu wa mto wa chini hawajawahi kwenda mahakamani. Tangu hapo maji yanatoka ziwani, yanapita mjini, yanaingia Mto Illinois, kisha Mississippi, hadi Ghuba ya Mexico. Na pale mto unapopakana na ziwa kuna mlango, uliojengwa mwaka 1938. Vyombo vikitaka kupita vinafunguliwa.

Nilidhani atashangaa.

"Wa kwetu unarudi nyuma mara mbili kwa siku," akasema, "na hakuna aliyechimba." Halafu baada ya muda: "Yaani uchafu wao wakawapelekea majirani."

"Walishtakiwa. Jimbo la Missouri liliwapeleka mpaka Mahakama Kuu ya Marekani."

"Wakashinda nani?"

"Chicago. Mwaka 1906."

"Bila shaka," akasema mama, akashika kamba ya daraja la kupandia.

Ndani joto lilikuwa zuri, kinanda kinapiga nyimbo za Krismasi, meza zina vitambaa vyeupe. Mama hakukaa kwanza. Alisimama akazungusha macho, na nilijua anafanya nini: anahesabu milango. Tangu Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na jirani yetu akaondokewa na ndugu wawili usiku mmoja, mama hajapanda chombo chochote kikubwa kuliko pantoni. Harusi za Unguja alituma zawadi. Alipomaliza milango alimwita mhudumu, kijana mwenye tai nyekundu, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha chuo cha ualimu, kila neno limesimama peke yake: maboya yako wapi? Kijana akainama, akamwonyesha yalipo. Mama akakaa.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi kwa sababu bado kinaniudhi. Nilikuwa nimepiga simu wiki nzima kabla, nikaahidiwa kuwa vyakula visivyo na nguruwe vitakuwa meza yao peke yake. Tukakuta mayai na nguruwe vimelala pamoja kama ndugu, kijiko kimoja kinatumikia wote. Nikaanza kupandisha sauti. Mama akaniwekea mkono kwenye kiwiko. "Baba, hatukuja kugombana na kijiko." Akachukua matunda, mkate na samaki. Samaki alikuwa wa moshi, laini, mwekundu, amekatwa mwembamba kiasi cha kuona sahani kwa chini. Mama alimtafuna kwa tahadhari.

"Ng'onda hii haijakauka," akatoa hukumu. Ila alirudi kuchukua tena.

Chombo kikaondoka. Mwongozaji, mzee mwenye sauti ya redio, akaanza na Jean Baptiste Point du Sable: mtu mweusi, mfanyabiashara, wa kwanza kutoka nje kuweka makazi ya kudumu mdomoni mwa mto huu, miaka ya 1780. Nikamtafsiria mama kwa fahari, kama vile mimi ndiye niliyemleta mtu huyo mjini.

"Alioa wapi?"

"Mkewe alikuwa Mpotawatomi, wenyeji wa hapa. Kitihawa."

"Basi mwenye mji ni mke. Yeye alikuwa mkwe tu."

Aliniomba kalamu. Kwenye karatasi ya kufutia mikono iliyokuja na glasi yake ya juisi akaanza kuandika vitu, akiwa ameikunja mara mbili ili wino usipenye. Miaka zaidi ya thelathini ya ubao na chaki haimwachi mtu. Akisikiliza huku haandiki, anaona anapoteza muda wa serikali.

Tukapita Marina City, yale maghorofa mawili ya mviringo yenye ghorofa 65 kila moja, ya chini yote yamejaa magari yaliyoegeshwa ukingoni kabisa kama yanataka kujirusha mtoni. Watu wa Chicago huyaita mahindi. Mama aliyatazama kupitia paa la kioo, shingo nyuma, akifuta mvuke kwa ncha ya ushungi. "Muhindi una punje," akasema. "Hayo ni magunzi. Yamekwisha pukuchuliwa." Nimepita pale mara nyingi tangu siku ile na sijaweza tena kuyaona kama mahindi, roshani zote ni vishimo vya punje.

Nakumbuka Merchandise Mart, jengo la mwaka 1930, lilivyoanza kuziba upande mzima wa dirisha, na mwongozaji akisema lilipofunguliwa hapakuwa na jengo kubwa kuliko hilo duniani. Nakumbuka mto ulivyogawanyika pale Wolf Point, tawi moja kaskazini na jingine kusini, na chombo kikaanza kugeuka taratibu. Jua lilipenya paa likanikaa begani. Kinanda kilikuwa kinapiga kitu cha polepole.

Nilichoamkia ni kamba kugonga sakafu ya gati.

Watu walikuwa wanavaa makoti. Kwangu mimi koti lilikuwa limeshafika: mama alikuwa amevua la juu, lile langu, akanifunika nalo mpaka kidevuni, na sahani yangu amesogeza mbali na kiwiko. Kijana wa tai nyekundu akapita akanikonyeza. Ningeweza kuingia chini ya meza. Dola 78, na mwanaume mzima kakoroma mbele ya mama yake na familia za watu katikati ya mji anaojidai nao.

"Mama, samahani. Ungeniamsha."

"Ya nini? Mzee anasema polepole kama anasomesha imla. Nimeelewa mwenyewe."

Kwenye treni ndipo aliponisomesha yaliyonipita. Wakati wa kurudi, kati ya barabara ya Clark na LaSalle, mwongozaji alipunguza sauti. Pale, asubuhi ya tarehe 24 Julai 1915, meli iitwayo Eastland ilijaza watu kama 2,500, wafanyakazi wa kiwanda cha Western Electric na familia zao, wanakwenda pikiniki ng'ambo ya ziwa. Wamevaa nguo za sikukuu. Meli ikaanza kulala upande, ikalala zaidi, ikalala moja kwa moja. Watu 844 wakafa.

"Unajua ilikuwa umbali gani kutoka ukingoni?" Mama alikuwa ameegemeza kipaji chake karibu na changu, sauti ya chini, kama kwamba abiria wa Red Line wanajua Kiswahili. "Ilikuwa bado imefungwa kamba, mwanangu. Gatini. Haijaondoka."

Alirudia hilo la kamba mara tatu kabla hatujafika kituo chetu. Meli ya Bukoba ilizama Ziwa Victoria, Mei 1996, na mwaka ule alikuwa na darasa la sita. Alikumbuka watoto wakimuuliza kwa nini watu hawakuogelea. Spice Islander ilizama baharini, usiku, kwenye mkondo. Hizo anaweza kuzielewa, alisema, maji ni maji. Lakini hii ya kamba! Kilichomkera zaidi ni maelezo ya mzee kwamba meli ile, ambayo tangu mwanzo haikutulia majini, ilikuwa imeongezwa mashua za kuokolea watu baada ya Titanic, na uzito huo wa juu ukasaidia kuiangusha.

"Na wewe leo umeuliza maboya," nikamtania.

Hakucheka. "Nimeuliza yako wapi. Sikuuliza yako mangapi."

Nilimtazama akitafuta kitu mfukoni mwa koti langu, alilokuwa amelivaa tena, akitoa mkono mtupu, akitazama dirishani. Kuhusu usingizi wangu hakusema neno, si siku ile wala siku zote zilizobaki. Jioni alipompigia mama mdogo Tanga nilimsikia kutoka jikoni akisimulia barafu, magunzi, ng'onda mbichi, na mto wa Wamarekani wenye mlango, ambao haujai wala haupwi. Kisha akanyamaza akisikiliza swali. "Yupo," akajibu. "Anafanya kazi."

Aliondoka Februari. Machi, nilipokuwa napeleka lile koti kwa dobi, nikapitisha mkono mifukoni na kuikuta ile karatasi ya kufutia mikono, imekunjwa mara nne. Mwandiko wake wa ubaoni, herufi zote zimesimama wima:

Mto – umegeuzwa 1900. Majirani.
Mlango ziwani.
Kitihawa (mke).
844. Kamba bado.
Amelala 6.20 – 7.05.

Chini ya mstari huo wa mwisho amepiga mistari miwili, ile aliyokuwa akipiga chini ya jumla ya alama kwenye daftari zetu.