Kura ya diwani ndiyo kura ya meya

Juzi nilikuwa mwaloni Kibirizi, na mama mmoja anayeanika dagaa akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Mwanangu, huyu meya wetu tulimpigia kura siku gani?" Nilimjibu kwamba hatukumpigia. Hapa katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, kama ilivyo katika majiji na manispaa nyingine za Tanzania Bara, siku ya uchaguzi mkuu mwananchi humchagua rais, mbunge na diwani; kisha madiwani wa kata zetu 19, pamoja na wale wa viti maalumu na wabunge walio wajumbe wa baraza, huketi na kumchagua mstahiki meya kutoka miongoni mwa madiwani. Mama yule aligeuza dagaa wake, kisha akasema kwamba ushuru, hata hivyo, anaulipa yeye.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ni meya kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Bado napenda wazo hilo, lakini mambo ya Kampala yamenifundisha kulitazama kwa makini zaidi. Mwaka 2010 Uganda ilitunga sheria iliyounda Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, ikampa Rais uwezo wa kumteua mkurugenzi mtendaji wake. Mwaka 2011 wakazi walimchagua Erias Lukwago kuwa Meya Mkuu kwa kura zao wenyewe, na mwaka huohuo Rais akamteua Jennifer Musisi kuwa mkurugenzi. Ukafuata mvutano mkali juu ya nani hasa ana mamlaka ya kuendesha jiji, mpaka Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Lukwago. Wananchi walimchagua tena mwaka 2016, na tena mwaka 2021. Mara zote tatu walimpa kura, lakini utendaji wa kila siku na usimamizi wa fedha vilibaki kwa mkurugenzi ambaye wao hawakumchagua.

Sisi pia mkurugenzi wetu wa manispaa huteuliwa na Rais. Kwa hiyo tukibadilisha namna ya kumpata meya bila kugusa mgawanyo wa madaraka, naona tutakuwa tumeongeza karatasi moja tu ya kura. Baraza la madiwani, kwa upande mwingine, lina kazi nzito tayari: ndilo linalopitisha bajeti na sheria ndogo, zikiwemo zinazogusa ushuru wa mwaloni na wa sokoni. Mwaka 2015, wapiga kura wa hapa walipowapa ACT-Wazalendo madiwani wengi, meya naye alitoka katika chama hicho. Uamuzi ule ulifanyika katani, Gungu, Bangwe, Buzebazeba na kwingineko, kabla baraza halijaketi.

Nilimuuliza mama alimchagua nani kuwa diwani. Akasema ukweli kwamba karatasi ile aliitia alama haraka haraka, chama kilekile alichokitia katika zile nyingine, bila kusoma jina. Nilimweleza kwamba jina lile ndilo lililokwenda kumchagua meya, na kwamba baraza huketi kila baada ya miezi mitatu, katika mkutano ambao mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Hilo hakuwa amelisikia. Akaniuliza kikao kijacho ni lini, na kama mtu anaweza kuingia na kanga yake ya kazini. Nimemwahidi kwamba tarehe ikitangazwa nitampitia mwaloni asubuhi, twende pamoja.