Jinsi nilivyokusanya stempu za miji mikuu ya utamaduni ya Ulaya

Athens ndio uliofungua orodha ya miji mikuu ya utamaduni ya Ulaya mwaka 1985, kutokana na wazo la Melina Mercouri, waziri wa utamaduni wa Ugiriki wa wakati huo. Tangu hapo Ulaya imekuwa ikiteua mji au miji ya kupewa heshima hiyo, na posta za nchi husika mara nyingi hutoa stempu za ukumbusho. Mara nyingi, si kila mara, wala si kwa mtindo mmoja. Ndiyo maana mkusanyo huu haununuliwi kwa pakiti. Unajengwa mji kwa mji, na anayeanza kwa kununua kabla ya kuandika orodha atajaza albamu picha nzuri za Ulaya zisizohusiana na mada.

Orodha yangu ina safu hizi: mwaka, mji, nchi, posta iliyotoa, tarehe ya kutolewa, namba ya katalogi (kitabu kinachoorodhesha stempu na bei zake), na hali ya nakala niliyonayo. Safu ya mji ndiyo inayotawala, si ya nchi. Miaka ya mwanzo ni rahisi, mji mmoja kwa mwaka: Florence 1986, Amsterdam 1987, Berlin Magharibi 1988, Paris 1989, Glasgow 1990, Dublin 1991. Mwaka 2000 miji ilikuwa tisa kwa pamoja, kuanzia Reykjavik na Bergen hadi Santiago de Compostela, kwa hiyo tenga nafasi ya kutosha. Luxembourg inaonekana mara mbili, 1995 na 2007, kisha nchi hiyohiyo inarudi 2022 kupitia Esch-sur-Alzette. Ukitafuta kwa jina la nchi tu utachanganya seti. Hadi mwaka 1999 heshima hii iliitwa "mji wa utamaduni", baadaye ikawa "mji mkuu wa utamaduni". Maandishi kwenye stempu za zamani hufuata jina lile la kwanza.

Sehemu inayosumbua zaidi ni miaka ya korona. Rijeka na Galway walikuwa na zamu ya 2020, wakaongezewa muda hadi Aprili 2021. Novi Sad ulisogezwa kutoka 2021 hadi 2022. Timișoara na Elefsina wakasogezwa hadi 2023. Ukipata bahasha yenye nembo ya 2021 ya mojawapo ya miji hiyo, usiidhanie ya bandia kwa sababu ya mwaka pekee. Nembo ziliandaliwa kabla ya ratiba kubadilika.

Baada ya orodha niliweka sharti la kuingia. Stempu inakubaliwa ikiwa maandishi yake, au tangazo rasmi la posta iliyoitoa, yanataja heshima hiyo. Kanisa la Salamanca, mji wa Hispania, lililochapwa miaka kumi kabla ya mji kupata heshima hiyo haliingii, hata likipendeza kiasi gani. Sharti linaonekana kali hadi unapokutana na seti kama ile ya Uingereza ya tarehe 6 Machi 1990. Ina stempu nne, lakini Glasgow unahusika na mbili tu: ya peni 20 yenye Shule ya Sanaa ya Glasgow, na ya peni 37 yenye kiwanda cha mazulia cha Templeton. Nyingine ya peni 20 inaonyesha Alexandra Palace kwa ajili ya maonyesho ya stempu ya London, na ya peni 29 inaonyesha ofisi ya filateli (ya kuwahudumia wakusanyaji stempu) iliyoko Edinburgh. Wauzaji huuza zote nne kama "seti ya Glasgow". Mimi hununua seti kamili kwa sababu kuivunja hupunguza thamani yake, ila kwenye ukurasa naweka zile mbili tu. Zilizobaki zinakaa kwenye kitabu cha akiba.

Katalogi nne ndizo zinazotumika zaidi: Michel, Stanley Gibbons, Scott na Yvert et Tellier. Namba zake hazifanani hata kidogo, kwa hiyo ukiandika "namba 800" bila jina la katalogi hujaandika kitu. Tazama pia ni sehemu gani ya katalogi unayosoma. Stempu ya Berlin ya 1988 ilitolewa na posta ya Berlin Magharibi, iliyokuwa na stempu zake yenyewe hadi 1990. Wengi huitafuta katika kurasa za Ujerumani Magharibi, wasiione, wakadhani haipo. Kuhusu bei, kumbuka kwamba bei ya chini kabisa ya katalogi ni gharama ya muuzaji ya kuishughulikia stempu moja, si thamani ya karatasi yenyewe. Stempu nyingi za kisasa za mada hii hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei iliyoandikwa.

Thamani iliyochapwa husaidia kutambua mwaka pale ambapo tarehe haisomeki. Nchi kadhaa za ukanda wa euro zilichapa thamani mbili, sarafu ya zamani na euro, kati ya 1999 na 2001. Kuanzia 2002 euro inasimama peke yake.

Unapotafuta, tumia lugha ya nchi yenyewe: "Kulturhauptstadt Europas" kwa Ujerumani na Austria, "Capital Europea de la Cultura" kwa Hispania, "Capital Europeia da Cultura" kwa Ureno. Hapo hapo utakutana na vitu vinavyofanana na stempu. Kuna vibandiko vya matangazo vya kamati za miji, vina meno na gundi lakini havina thamani ya posta. Kuna stempu za kuagizwa na mteja, ambazo ni halali kwa barua ila picha imechaguliwa na aliyelipia. Hizi naziweka kwenye ukurasa wa pembeni na kuzitaja wazi kuwa ni za kuagizwa. Kwa stempu za 2002 na kuendelea, kagua kwanza mfumo wa namba wa WNS, ulioanzishwa chini ya Umoja wa Posta Duniani ili kusajili stempu halali. Si kila posta hupeleka stempu zake zote huko, kwa hiyo kukosekana peke yake si hukumu, lakini kuwemo ni ushahidi mzuri.

Mji usio na stempu haubaki pengo. Posta nyingi hutumia mihuri maalumu kwa sherehe za ufunguzi au maonyesho, na muhuri wenye jina la mji, heshima na tarehe unaziba nafasi hiyo kwa haki kabisa. Bahasha ya namna hiyo haikatwi wala hailowekwi. Ithaminishe kwa muhuri: duara lote lionekane, tarehe isomeke, wino usiwe umesambaa. Kadi maksimamu, yaani postikadi zenye picha inayolingana na ya stempu, nazo zinafaa sana hapa. Stempu hubandikwa upande wa picha, na lazima vitu vitatu vikubaliane, yaani picha ya kadi na ya stempu, mahali pa muhuri, na muda wake. Angalau robo tatu ya uso wa kadi ibaki wazi kwa picha.

Stempu zilizotumika za gundi ya kawaida naloweka kwenye maji vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20. Stempu ikiteleza yenyewe, nasuuza kwenye maji safi ya pili, kwa sababu gundi iliyobaki ndiyo inayoinatisha stempu kwenye karatasi ya kukaushia. Ikigoma, unavuta karatasi kutoka kwenye stempu, kamwe si stempu kutoka kwenye karatasi. Vipande vya bahasha nyekundu au za kijani viloweke peke yake kwenye maji baridi. Rangi yake huchuja na kuingia kwenye stempu za wenzake. Kausha uso ukitazama chini, kisha bana katikati ya karatasi za kufyonza chini ya vitabu vizito usiku mzima.

Zinazojinata zenyewe ni habari nyingine. Nyingi za miaka ya karibuni hazina tabaka linaloyeyuka kwa maji, na kuzilazimisha huchana uso wake. Mimi hukata bahasha na kuacha ukingo wa milimita 3 hadi 5 pande zote, naziacha hivyo. Wapo wanaotumia kiyeyusho cha mafuta ya maganda ya machungwa kisha kupaka poda ya talki mgongoni ili unata uishe. Inafanya kazi, lakini jaribu kwanza kwenye stempu usiyoihitaji. Zilizo mpya zibaki kwenye karatasi yake ya nyuma.

Kwa kushika natumia kibano chenye ncha bapa, si cha kutolea miiba. Stempu mpya zinaingia kwenye vifuko visivyo na PVC, kwa sababu kilainishi cha plastiki hiyo hupanda juu na kuchafua rangi. Bawaba za karatasi, yaani vipande vidogo vyenye gundi vya kushikiza stempu kwenye ukurasa, nabandika kwenye zilizogongwa muhuri tu, maana zikigusa gundi mpya thamani hushuka. Albamu zisimame wima zikiwa na nafasi, unyevu wa chumba ukae karibu na asilimia 50. Ukizidi, gundi hunata kwenye ukurasa. Ukipungua sana, stempu hujikunja na gundi hupasuka.

Kurasa zangu ni za A4 zisizo na asidi, gramu 160 au zaidi, na kurasa 16 zinatosha fremu moja ya maonyesho. Mji mmoja haupati zaidi ya kurasa mbili, isipokuwa 2000, ambapo miji tisa inakaa pamoja kwenye kurasa tatu zinazofuatana.