Miguu ndo inacheza pool, mkono unamalizia tu

Ukisema kijiweni kwamba umeanza kukimbia asubuhi ili ucheze pool vizuri, utachekwa mpaka ukome. Mi washaniuliza kama najiandaa na mechi ya Jumamosi au na Kilimanjaro Marathoni. Nawaelewa lakini, maana pool yetu Bongo imelelewa na baa, enzi za mashindano ya Safari Lager timu zenyewe zilikuwa za baa, na Magufuli alipowasema vijana mwaka 2016 kwamba wanashinda kwenye pool muda wa kazi, picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya mvivu kashika fimbo mkono mmoja na bia mkono mwingine. Sasa mtu huyo apige skwati za nini?

Ila hebu jiangalie unavyocheza. Gemu ya kwanza na ya pili uko moto, mipira inaingia hata ile ya kona kwa kona, watu wanapiga kelele. Ikifika saa tano usiku mechi imevutana, mpira uko mdomoni kabisa mwa shimo, na unaukosa. Unasingizia meza, unasingizia chaki, unasingizia fimbo imepinda. Mkono haujasahau kitu, mgongo ndo umechoka.

Mazoezi hayakufundishi kupiga pool, hilo nakubali mapema tusije tukabishana bure. Kama hujui kukata mpira kwa wembamba, yaani kuugusa ubavuni kidogo tu, kimbia hadi Chalinze, ukirudi bado hujui. Kazi ya mazoezi ni kwamba kile unachokijua kwenye fremu ya kwanza, yaani gemu ya kwanza, bado uwe nacho kwenye ya tisa, basi.

Anzia miguuni. Ukiinama kupiga, mguu wa nyuma umenyooka, wa mbele umekunja goti kidogo, kiuno kimejikunja, kichwa kimeinuka ili macho yafuate fimbo, na unatakiwa uendelee kuwa hivyo hivyo mpaka mpira mweupe ushaondoka. Ni sekunde chache tu ila unazirudia usiku kucha, na katikati unazunguka meza, unasimama, unasubiri mwenzako amalize maringo yake, na viti vimejaa. Sasa kama misuli ya nyuma ya paja imekaza, mwili unatafuta njia ya mkato wenyewe bila kukuuliza, unainuka kidogo kabla hujamaliza kupiga. Hapo ndo kila kitu kinapoharibika, fimbo ikienda pembeni milimita tu pale inapougusa mpira, huko upande wa pili mpira unagonga ukingo na kurudi. Meza zetu nyingi za koini ni futi 7, zinasamehe kidogo, nenda kwenye ya futi 9 ndo utajua. Misuli ya tumbo na kiuno nayo ni hivyo hivyo, ndo inayozuia mwili usiyumbe wakati mkono unaenda mbele. Shingo pia, wanaoamka Jumapili shingo haigeuki wanajua.

Halafu moyo. Mpira mweusi ndo umebaki, timu nzima inakuangalia, moyo unadunda mpaka unausikia kwenye vidole vilivyokaa kwenye kitambaa. Mtu aliyezoea kukimbia moyo wake unapiga taratibu akiwa ametulia, na ukipanda unashuka haraka, ana muda wa kushusha pumzi moja ndefu na kuinama akiwa yeye. Na hizi siyo stori za kijiweni, zile dawa za kushusha mapigo ya moyo, wanaziita beta bloka, WADA, wale wa kupambana na dawa michezoni duniani, wamezipiga marufuku kwenye biliadi ya aina zote, yaani pool na ndugu yake snuka, ule wa meza kubwa, humo humo, pamoja na michezo ya shabaha. Wakubwa wanajua vizuri tu kwamba moyo ukitulia na mkono unatulia. Ukiutuliza kwa kidonge ni wizi, ukiutuliza kwa jogingi hakuna wa kukuuliza.

Na wazee wa "bia mbili zinanyoosha mkono" nawaona mnavyojiandaa kucomenti. Kuna ukweli kidogo humo, pombe inapunguza kutetemeka kwa muda. Kulikuwa na Mkanada wa snuka miaka ya 1980, Bill Werbeniuk, mkono wake ulikuwa unatetemeka, akawa anashusha bia nyingi kweli kweli kwenye mechi ili utulie, baadaye akaongeza na dawa ya propranololi, dawa ikapigwa marufuku na mambo yake yakaishia njiani. Na alikuwa anajua mpira, alifika robo fainali ya dunia mara kadhaa! Shida ya bia haiishii kwenye mkono, ya pili inakutuliza, ya nne inaanza kukuchagulia shuti.

Mfano wangu mimi ni Ronnie O'Sullivan. Ni snuka siyo pool, najua, ila kuinama ni kule kule. Alichukua ubingwa wa Uingereza mwaka 1993 akiwa na miaka 17, akauchukua tena 2023 zikiwa zimebaki siku chache atimize 48. Katikati hapo 2022 akabeba ubingwa wa dunia wa saba akiwa na miaka 46, fainali ya siku mbili, fremu 18 kwa 13 dhidi ya Judd Trump ambaye ni kijana kwake. Jamaa ni mkimbiaji haswa na mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi mbio zilivyomsaidia kujinasua kwenye pombe na madawa. Kipaji chake hakijatoka kwenye raba za mbio, kipaji alizaliwa nacho, ninachosema ni kwamba wengi wenye kipaji wanaisha mapema na yeye bado yupo tu.

Ukitaka kuona uchovu unavyofanya kazi kwa mabingwa, tafuta fainali ya dunia ya snuka ya 1985, Dennis Taylor na Steve Davis. Fremu 35 zote zikachezwa, ya mwisho peke yake ilichukua dakika 68, ikaisha saa sita usiku imeshapita, na mpira mweusi wa kuamua ubingwa wakawa wanapokezana kuukosa. Davis alikosa mkato ambao ukimpa mchana akiwa fresh anauweka tu. Taylor akaumalizia.

Sasa kijiweni kwetu kuna fundi seremala, umri umeenda, jimu hajawahi kukanyaga, na anatufunga wote, kila nikianza haya maneno ananyooshewa kidole yeye. Sawa, lakini mkamwangalie kazini. Kasimama tangu asubuhi, kainama kwenye benchi, anasukuma randa kwenda na kurudi kwenye mstari ule ule, kiwiko hakitoki ubavuni. Huyo anafanya mazoezi ya pool kutwa nzima na analipwa juu. Sie wa kukaa kwenye kiti cha ofisi ndo tuna kazi.

Mi nachofanya siyo kikubwa. Wikiendi nakimbia taratibu na klabu ya jogingi ya mtaani, nyimbo nyingi mwendo kidogo, katikati ya wiki skwati na planki pale pale sebuleni, na kunyoosha paja na kiuno kila siku maana hiyo ndo imenisaidia kuliko yote. Vyuma sivigusi siku ya mechi, ukitoka kunyanyua mikono inatetemeka na fimbo yenyewe ni nusu kilo na kidogo tu, haihitaji msuli wa kubeba gunia. Pushapu napiga siku nyingine. Siku ya mechi nakula mapema, chakula cha kawaida, wali maharage unatosha, kwa sababu ukijaza chipsi mayai saa mbili usiku saa nne unapiga miayo mezani. Maji muda wote. Kahawa kama hujaizoea iache, kuna mshkaji alikunywa vikombe vya kutosha ili asisinzie kwenye nusu fainali, usingizi haukuja kweli, ila chaki ilikuwa inamdondoka.