Lushoto mpaka Mtae kwa simu isiyo na bando na betri za laptopu zilizokufa

Kuna jambo linaniudhi na nitalisema kabla ya mengine yote. Kila nikitaja kwamba natembea milimani kwa ramani ya simu lazima atokee mtu wa kuniambia "kule mtandao hamna, GPS haitashika, utapotea". Nimeambiwa na muuza simu, nimeambiwa na ndugu zangu, afu kuna kaka mmoja anajulikana mtaani kwamba ni mtu wa kompyuta, yeye akanishauri ninunue laini mbili za mitandao tofauti na kila moja niiwekee bando la maana ili GPS isikatike njiani. Jamani GPS haili bando! Simu haitumi kitu chochote kule juu, inasikiliza tu. Setelaiti ziko kama kilomita 20,200 angani, zinatangaza saa na mahali zilipo, simu ikizisikia nne inapiga hesabu yenyewe inajua imesimama wapi. Bando ni la kupakua ramani, na hiyo kazi unaimaliza nyumbani kwako umekaa.

Mimi ni wa Lushoto, nikitoka mlangoni ni mlima, na siku nyingi nilikuwa natamani kwenda Mtae kwa miguu, sio kwa barabara ya magari, bali kwa kukata msitu wa Magamba, nitokee Lukozi kwenye magari ya kabichi, nilale Rangwi, mpaka kule safu ya Usambara inapoishia ambapo ukisimama ukingoni unaitazama tambarare ya Mkomazi chini kabisa. Ramani natumia OsmAnd, wengine wanaipenda Organic Maps, ni sawa tu maana zote zinachota OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea. Ila kwa OsmAnd pakua na mistari ya miinuko, inapakuliwa kando na ramani, bila hiyo utaona njia fupi kumbe ni ukuta.

Shida ya kweli ni chaji. Hapo ndo pa kuumizia kichwa, na hapo hakuna aliyenishauri chochote cha maana.

Kwanza niliujaribu ule ushauri wa laini mbili, safari fupi tu ya kupanda na kushuka. Saa sita mchana simu imezima. Asubuhi ilikuwa imejaa! Nilikaa nikafuatilia nikaelewa: ukiwa bondeni simu inautafuta mnara kwa nguvu zake zote, haupati, inaongeza nguvu, inatafuta tena, na ukiwa na laini mbili inafanya hivyo mara mbili. GPS yenyewe inakula kidogo ukilinganisha na hiyo. Toka siku hiyo nikiondoka naweka simu hali ya ndege, GPS kwa simu nyingi za sasa inaendelea kama kawaida, naiambia irekodi njia kila baada ya sekunde kumi na tano hivi badala ya kila sekunde, kioo nakizima. Nikitaka kupiga simu nasubiri nifike kilimani penye mnara. Hilo peke yake lilinitoa kwenye nusu siku mpaka siku nzima na zaidi.

Lakini Mtae sio ya siku moja. Nikanunua pawabenki, na hii niisimulie vizuri maana wengi mnaibiwa. Imeandikwa 50,000 mAh, yaani kiasi cha chaji inachobeba, kwa herufi kubwa, bei elfu ishirini na kitu, muuzaji anaapa itachaji simu wiki nzima. Ikachaji simu mara moja haijafika hata mwisho ikazima taa. Nikaifungua. Ndani zilikuwemo seli, yaani betri ndogo ndogo, zimepangwa vizuri, za plastiki ya bluu, nikaanza kuzipima moja moja kwa mita: moja ina volti, zilizobaki sifuri kabisa. Nikaikata moja ya zile sifuri ganda la juu, ukamwagika mchanga mezani. Mchanga mkavu, wamejaza ili kitu kiwe kizito mkononi! Nikazikata zote nione, mchanga, mchanga, mchanga. Kwa hiyo ukienda kununua usiangalie namba iliyoandikwa nje.

Hapo ndo nikaamua kutengeneza yangu. Mafundi wa laptopu wana makasha ya betri zilizokufa, wanazitupa. Nikamwomba fundi mmoja akanipa mfuko mzima bure. Siri ni hii: betri nyingi za laptopu zina seli sita ndani, zimeungwa mbilimbili, na wawili wakichoka tu betri yote inakataa, laptopu inasema nunua mpya. Wale wanne waliobaki mara nyingi bado wazima! Ni seli za 18650, yaani unene milimita 18 na urefu 65. Nilizifungua taratibu kwa kisu cha plastiki, usitie bisibisi humo, seli ikitobolewa inawaka moto na moto wake hauzimiki kirahisi. Nikazipima. Iliyoshuka chini ya volti mbili sikuigusa tena. Zilizobaki nikazichaji mpaka 4.2, inayopata joto wakati wa kuchaji nikaitoa, afu nikaziacha kabatini wiki nzima bila kuzitumia. Hii wiki ndo mtihani wenyewe, watu hawana subira wanairuka. Inayoshuka yenyewe bila kazi ni mbovu hata kama ilianza vizuri.

Nikapata nne safi. Kabla ya kuziunga sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hakikisha zote zina volti sawa, la sivyo iliyojaa inaimwagia iliyopungua kwa kasi ya hatari. Bodi ndogo ya kupandisha volti mpaka 5 na kutoa tundu la USB nilimwagiza mtu Kariakoo, elfu chache tu, chagua yenye ulinzi wa seli isiishe kupita kiasi. Na kasha? Hapa nilifurahi mwenyewe. Seli nne zikisimama mbili kwa mbili zinaingia sawasawa kwenye bomba la maji la inchi mbili. Nikakata kipande, nikakitia vifuniko vyake pande zote, tundu la USB nikalizungushia mpira wa tairi la baiskeli. Mvua ya Magamba imelipiga na ndani pakavu.

Magamba unalipia kibali getini, na mimi nilienda na kijana muongozaji wa pale pale, usijitie ujuaji msitu ule. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye magoti, mbega tunawasikia hatuwaoni. Chini ya majani yaliyolowa GPS inayumba, kidoti kinaruka huku na huku wakati umesimama. Usizime simu humo ndani. Ikiwaka upya bila intaneti huenda ikabidi isikilize kila setelaiti kwa kama nusu dakika mfululizo ndo ipate taarifa zake, na kila tawi likipita mbele inakatika inaanza tena. Iwashe nje penye uwazi, ishike vizuri, ndo uingie. Na usiiweke mfuko wa suruali, mimi naifunga kwenye mkanda wa begi begani itazame juu.

Baada ya Lukozi ramani ikatuonyesha njia ya kushuka mtoni. Tukamkuta mzee anapalilia viazi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mnakwenda wapi na mizigo hiyo?"

"Rangwi, tunafuata njia hii ya chini."

"Hiyo daraja lake la miti lilichukuliwa na masika. Piteni juu kwa mikaratusi, mtaiona njia ya ng'ombe."

Tukapita juu, na ile njia ya ng'ombe haikuwepo kwenye ramani kabisa. Nikairekodi hatua kwa hatua.

Rangwi tulilala kwa masista, baridi kali. Betri zikipoa zinapungua nguvu, kwa hiyo simu na bomba langu nilivilaza ndani ya blanketi pamoja na mimi. Mtae tulifika jua likiwa bado juu na bomba lina zaidi ya nusu ya chaji yake. Na ujue basi la kurudi Lushoto linaondoka alfajiri na giza lake, panga hivyo.

Nyumbani nikafungua faili la njia kwenye kompyuta nikaichora ile ya juu kwenye OpenStreetMap, na daraja nikaliondoa. Hata vijana wa Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani, walivyoanza 2015 kuchora mitaa ya Dar kwa ajili ya mafuriko walipita kwa miguu wakiuliza wenyeji, na kwetu milimani hakuna atakayekuja kutuchorea. Njia ndogo za upande wa Mlalo ndo nazifuata masika yakiisha, nataka bomba la pili kwa ajili hiyo, kwa hiyo mwenye betri ya laptopu iliyokufa asiitupe.