Siku Moja na Wanafunzi wa Uokoaji katika Mto Tana

Saa kumi na mbili asubuhi huwa nimeshafika ukingoni mwa Tana, hapa Sagana, kutazama rangi ya maji na alama tuliyoichora mwambani, kwa sababu mvua iliyonyesha usiku Mlima Kenya au Nyandarua huweza kutufikia huku kwetu kukiwa na jua kali. Saa mbili wanafunzi wanawasili, wengi wao waongozaji wa mashua za mpira na wapiga kafi wa kayaki. Nakagua helmeti, jaketi okozi na filimbi, nao wanarudia ishara: mlio mmoja ni kuita macho ya wenzako, mitatu ni hatari.

Saa nne tunaingia majini kujifunza kuelea chali, miguu ikitangulia na nyayo zikiwa karibu na uso wa maji. Watazamaji ukingoni hudhani tunacheza, na wapo wanaoniuliza kama kweli ninalipwa kwa mchezo huo. Mtu anayesimama katika maji ya kasi hunaswa mguu kati ya mawe, mkondo ukamlaza kifudifudi, na hapo maji ya kiunoni yanatosha kumuua.

Leo saa tano ilikuwa ya kijana mmoja mwenye kifua kipana, bingwa wa bwawani. Zoezi lilikuwa la kamba: unamwita anayechukuliwa na maji, unarusha mfuko wenye kamba ndani upite juu ya bega lake, kisha unajikita imara na kuuacha mkondo wenyewe umsogeze ukingoni. Kijana alirusha, akakosa, akaiacha kamba na kuruka.

"Mwalimu, mimi namfikia upesi kuliko kamba yako," alisema akitema maji.

Nilimweleza tena kwamba tunaanza kwa sauti, kisha kafi la kumnyooshea, kisha kamba, kisha mashua, na kumfuata mtu kwa kuogelea ni hatua ya mwisho, kwa kuwa mwokoaji anayezidiwa huwaachia wenzake watu wawili wa kuokoa. Aliitikia, akarudi mahali pake, akaizungusha kamba kiganjani.

"Ndugu yangu, ifungue hiyo. Mwendo wa maji ukiongezeka mara 2, nguvu yake huwa mara 4, na kamba iliyozungushwa mkononi haiachii."

Alitaka kubishana hata juu ya hesabu hiyo, wakati wenzake wakitetemeka kwa baridi wakingoja zamu.

Mchana uliobaki siwezi kuugawa kwa saa. Tulivuka mto tukiwa tumeshikana mabega, tukaogelea kukata mkondo kwenda kwenye maji tulivu nyuma ya miamba, tukarudia, hadi sauti ikanikauka na magoti yakaanza kulalamika. Katikati ya uchovu huo, binti mmoja mkimya alikosa mrusho wake, lakini hakuhangaika kuijaza kamba mfukoni upya. Aliikusanya haraka kwa mikunjo mikubwa, akairusha tena kabla mwenzake hajampita. Hilo sikuwa nimelifundisha zaidi ya mara moja, na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jioni tulisuuza kamba na kuzitandaza kivulini. Kesho ni zoezi la mti ulioangukia mtoni, na yule bingwa nimempanga upande wa juu wa mto, ambako kazi yake yote ni kutazama magogo yanayokuja na kupuliza filimbi.