Siku moja na picha za watu: kazi yangu Kamalondo, Lubumbashi

Saa moja na nusu asubuhi nafungua mlango wa studio, nafagia vumbi jekundu, napanguza kioo cha skana. Mtaani wananiita mpiga foto, lakini foto sipigi. Mimi napanga picha za familia kwenye kurasa za albamu, ndani ya programu ya Photoshop, mpaka zikae kama masimulizi.

Saa mbili hadi saa nne, kurasa sita za ubatizo. Zimeisha.

Saa nne akaingia mama mmoja na bahasha. Wazazi wake wanatimiza miaka 50 ya ndoa.

"Mwanangu, picha 19, ukurasa mmoja. Mashine yako itapanga."

Mashine haipangi, mama. Ukurasa wangu ni sentimita 30 kwa 30. Ukichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, ni pikseli 3543 kila upande. Picha nyingi alizonipa zilipigwa upya kwa simu na kubanwa njiani, pikseli 1600 upande mrefu. Ukizikuza kupita sentimita 13 hivi, zinaanza kulegea. Nikamwomba zile za karatasi. Akazitoa kwenye mkoba, zimefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa.

Nikamwonyesha: picha moja kubwa, mbili ndogo pembeni, na nafasi tupu ili jicho lipumzike.

"Nafasi tupu nailipia ya nini? Na ndugu wa Kipushi watasema tumewasahau."

Hapo alikuwa na haki. Nikachora miraba 20, mitano kwa safu nne, kila mmoja sentimita 5, nusu sentimita katikati yake. Nyuso 19, na mraba wa mwisho tarehe ya ndoa. Kila picha nikaibana juu ya mraba wake ili ionekane ndani ya mraba tu, bila picha yenyewe kuharibiwa. Kichwa kikienda pembeni naisogeza tu. Macho yote usawa mmoja. Ikanilia saa nzima na zaidi.

Kisha ikaja picha ya baba yake. Amesimama na ovaroli ya Gécamines, kampuni ya migodi, nyuma yake shimini, yaani bomba la moshi la kiwanda, na kile kilima cheusi cha masalio ya madini.

"Toa ile shimini. Weka maua ya waridi. Na umvalishe koti."

Nikasema hapana, kwa heshima. Akasema pesa ni yake. Nikamkata baba kwenye ukingo wa mabega, nikaweka waridi. Kivuli cha uso kilikuwa upande wa kushoto, cha maua upande wa kulia, na mtu yeyote angejua kuna uongo hata asiweze kuutaja. Mama aliangalia muda mrefu. Umeme ukakatika. Nilikuwa nimeshahifadhi, nahifadhi kila dakika kumi, lakini tulikaa gizani na joto mpaka saa tisa, yeye akinisimulia jinsi baba alivyorudi zamu ya usiku na mkate chini ya kwapa.

Uliporudi, sikumuuliza tena. Shimini nikaikuza ishike kurasa mbili, nikafifisha rangi yake mpaka asilimia 20, ikawa kama ukungu. Juu yake baba mzima na ovaroli yake, mbali na mkunjo wa katikati usije ukamkata uso. Mama alikuwa na barua ya uchumba, wino wa bluu. Nikaipitisha kwenye skana, nikaiweka tabaka la juu kwa hali ya kuzidisha (Multiply): weupe wa karatasi ukapotea, mwandiko ukabaki juu ya moshi.

"Mkono wa baba huo," akasema. Hakusema kingine.

Bei tulibishana, maana karatasi anaiona na saa zangu haoni. Akalipa nusu.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipofunga. Bukari, ugali wangu, ilikuwa imeshapoa, mgongo unauma, na barua ile ina ukurasa wa pili ambao bado sijaugusa.